Docta Aliposema Rejime

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo kichwa changu kimekataa kuiachilia, hata siku hizi ninaposahau nilipoweka miwani. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti katikati ya chumba kilichojaa madaktari. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji, umewekwa juu ya kigoda kama mgeni wa heshima. Na wote wale wenye makoti meupe na kalamu mfukoni walikuwa wamekusanyika kuamua kama mguu ule utarudi nyumbani pamoja na mimi, ama utabaki kwao. Kabla ya asubuhi ile kwisha walikuwa wamecheka mpaka mmoja akatoka nje kushika ukuta. Walinicheka mimi. Nakuhadithia mwenyewe, usije ukaisikia sokoni imetiwa chumvi.

Utaniambia, Muzee, wazee wakitoa nasaha husimulia mambo ya ujana wao, na wewe unatuletea mambo ya juzi. Ni kweli mvi zilikuwa zimeshaanza. Lakini ugonjwa nao una utoto wake. Mutu anaweza kuwa na wajukuu, na katika ugonjwa akawa bado anatambaa. Mimi nilikuwa natambaa.

Jina langu ni Kasereka. Nilizaliwa upande wa Butembo, na shule niliiacha mapema, kwa sababu shule na mimi hatukupatana, na sikuwahi kuililia. Nilishuka Goma na nguo ya mwilini. Leo niko na nyumba ya matofali pale Keshero, na hakuna aliyenisukuma. Nilipanda ngazi kwa mikono yangu mwenyewe. Nilipandia ndizi. Malori yanazileta kutoka Kiwanja, mimi nazipokea, nazipanga, nazigawa kwa wamama wa soko.

Sasa sikia neno moja, maana kisa chote kinaning'inia hapo. Mkungu mzima wa ndizi, vile unavyokatwa shambani na vidole vyake vyote, sisi huku tunauita rejime. Ni Kifaransa, lakini hakuna mama wa soko asiyelijua. "Papa Kasereka, niwekee rejime mbili." "Papa Kasereka, rejime hii imelala na mvua." Neno hilo limenilishia watoto, limenilipia mahari, limeniezekea nyumba. Redioni wakisema rejime fulani imeanguka, wakimaanisha serikali, mimi kwanza nageuka kuangalia lori. Ndivyo lilivyoniingia.

Basi ugonjwa ukaja. Nilianza kunywa maji kama mutu aliyemeza volkano. Nilikwenda msalani mpaka mbwa wa jirani akazoea nyayo zangu, akaacha kubweka. Suruali zikaanza kunishuka. Majirani wakanong'ona kwamba ni karuho, ile sumu ya polepole, kwamba kuna mwenye wivu na ndizi zangu. Mimi, kwa kiburi, nilipenda maneno hayo. Mutu asiye na kitu hapewi sumu! Lakini mke wangu, Mama Kanyere, hakupenda. Alinishika mkono kama mutoto wa ubatizo, akanipeleka hopitali.

Docta aliyetupokea alikuwa binti, sawa na kifunga mimba wangu. Docta Furaha. Uso mzuri, macho ya mutu ambaye hajalala. Nje ya mlango wake kulikuwa na mstari wa wagonjwa mpaka kwenye geti. Alinitoboa kidole, akaangalia kile kimashine chake, akakunja uso.

"Papa, ni sukari. Tena imepanda sana."

Mama Kanyere alikuwa ameenda kwenye dirisha la kulipia. Kwa hiyo mazungumzo yaliyofuata niliyasikia peke yangu. Nayarudia jinsi yalivyokuwa.

"Nakupatia kinini," akasema, ndivyo tunavyoita vidonge. "Moja asubuhi, moja mangaribi. Acha kutia sukari kwa chai. Acha soda, acha pombe. Lakini kinini peke yake haitaweza, Papa. Kitu kikubwa ni rejime."

Nikainua kichwa. "Rejime?"

"Rejime. Kila siku."

"Kila siku, Docta?"

"Kila siku, mpaka mwisho wa maisha. Hata Noeli."

Nilimtazama binti yule kwa heshima mpya. "Peke yangu nitaiweza?"

"Peke yako ni ngumu. Afazali nyumba nzima muifuate. Mama naye, na batoto. Itakusaidia wewe, na wao itabalinda."

"Na mugeni akikuja?"

"Mugeni naye akule chenye munakula."

"Na nikiwa safari?"

"Ubebe yako."

Wewe uliyesoma umeshacheka. Unajua kwamba kwa madaktari rejime si mkungu wa ndizi, ni kuchunga kinywa: kuchagua chakula, hiki kidogo, kile hapana. Mimi nani aliniambia? Binti akaangalia mlango, akaangalia saa, akauliza lile swali lao: "Umeelewa, Papa?"

Na mimi, mwenye nyumba ya matofali, mbele ya mutoto wa kuzaa mwenyewe, na watu wa mstari wanachungulia, ningesema nini?

"Wi, Docta. Kompri." Yaani ndiyo, nimeelewa.

Njiani nilimwambia Mama Kanyere, "Docta yule anaona mbali. Amejua kazi yangu bila kuniuliza."

"Amesema nini?"

"Amesema tukule rejime. Kila siku. Nyumba nzima."

Mke wangu alisimama katikati ya barabara, pikipiki zikimpigia honi kushoto na kulia. "Rejime nzima? Yesu na Maria! Ndizi njo dawa ya sukari?"

"Wewe umesomea udocta?" nikamuuliza. Hakusomea. Tukaendelea na safari.

Mwanangu, tangu madaktari waanze kutibu watu, hawajawahi kupata mgonjwa mtiifu kama mimi. Chai niliinywa chungu kama shubiri. Kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, nilimwagia bustani, na moyo ulilia. Kinini nilimeza mbele ya mashahidi. Na rejime! Asubuhi tulikula kamaramasenge, zile ndogo tamu ambazo hata nyuki wanazipigania. Mchana bitoke za kupika. Mangaribi zile kubwa za kuiva, zenye madoa meusi. Nilichagua rejime ya nyumbani mwenyewe, kwenye lori, kabla ya wateja. Ya Kiwanja, si ya mahali pengine. Dawa haichukuliwi ovyoovyo.

Nyumba ikawa shamba la nyani. Watoto walianza kunikwepa. "Papa, rejime tena?" "Ni amri ya docta." Siku moja nilimkamata binti yangu Masika nyuma ya choo, ameficha fufu na sombe, yaani ugali wa muhogo na kisamvu, chini ya kitenge, anakula haraka haraka kama mwizi. Nilimgombeza! Nilimwambia anataka kuniua. Padri wa parokia alikuja kutusalimia, naye akapata yake. Alipoondoka alibariki nyumba kwa haraka sana, na hakurudi.

Na sukari? Sukari ilipanda kama mutu aliyeitwa.

Docta Furaha hakuelewa. "Papa, unafuata rejime?"

"Bila kukosa."

"Bila kukosa kabisa?"

"Docta, hata Noeli."

Akaongeza kinini. Alipoongeza kinini, mimi nami nikaongeza rejime, ili tusaidiane. Aliporudi kupima akabaki anatikisa kile kimashine, anafikiri kimekufa. Akajipima mwenyewe. Kilikuwa kizima.

Wakati ule hopitali ilikuwa imepokea madaktari wa utafiti. Walikuwa wanatafuta jambo moja: kwa nini kuna wagonjwa ambao sukari yao haishuki, hata wakipewa dawa nzuri. Docta Furaha alikuwa amejiunga nao, na mbele yangu alikuwa kama mvuvi aliyevuta wavu akaona kiboko. Walikuja na maswali yao. Kijana mmoja alinisomea: "Unafuata rejime? Ndiyo, hapana, mara chache?"

"Andika ndiyo," nikamwambia. "Tena kwa wino mzito."

Hawakuniamini, wakamwita Mama Kanyere kando. "Mama, sema ukweli, hatutamuambia. Anafuata rejime?"

"Docta," mke wangu akasema, na machozi yakamlenga, "anaifuata mpaka sisi wote tumechoka. Nyumba nzima inanuka rejime. Batoto banaiota usiku."

"Pongezi sana, Mama," wakamwambia. "Familia kama yenu ni chache."

Basi wakaanza kubishana. Mmoja akasema labda kinini ninayonunua dukani ni ya bandia, maana mji wetu una dawa nyingi zisizojulikana zilikotoka. Wakanipa ya hopitali, wakaninywesha wenyewe. Sukari ikapanda. Mwingine akasema labda ni damu ya kabila langu, damu ya watu wa milimani. Mwingine akasema mimi ni kesi ya pekee, itafaa kuandikwa mpaka Ulaya wasome. Neno hilo, kesi ya pekee, nilitoka nalo mpaka kanisani. Nilimwambia jirani yangu baada ya misa, "Sasa mimi ni kesi ya pekee."

Akashtuka. "Kesi? Umemwibia nani?"

"Kesi ya hopitali, mujinga wewe! Kesi ya kusomwa!"

Nilijivuna hivyo, mwanangu, na chini yangu mguu ulikuwa unaoza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mutu anayetembea na maradhi yake sokoni akiyasifu.

Unajua mawe yetu ya Goma, yale meusi ya volkano, makali kama meno. Nilikuwa nimejikwaa kwenye njia ya Keshero, kidole kidogo cha mguu wa kushoto, na sikusikia maumivu. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaua masikio ya miguu. Mguu unaumia, wewe huambiwi. Nilivaa kiatu juu ya kidonda, nikaendelea kupokea malori. Mama Kanyere ndiye aliyekigundua, kwa harufu. Alidhani kuna panya amekufa chini ya kitanda. Aliinama kumtafuta panya, akakuta kidole changu.

Walinilaza hopitali siku hiyo hiyo. Nilikataa chakula chao, nikaagiza nyumbani waniletee rejime kwenye kikapu. Docta wa kisu alikuja, mutu mfupi asiye na maneno ya kupoteza. Alikifungua kidonda, akanusa, akafunga.

"Papa, sukari ikiendelea kukaa juu hivi, kidonda hakitafunga. Tutakata kidole. Tukikawia, tutakata hapa." Na kwa kidole chake akapitisha mstari chini ya goti langu, polepole, kama mama anayemwonyesha muuza samaki mahali pa kukata.

Kazi yangu yote ni miguu. Lori linafika, unapanda, unashuka, unakimbia na mkungu begani, unamkimbilia mteja anayetaka kwenda kwa mwingine. Nilijiona nimekaa kwenye kizingiti cha nyumba yangu ya matofali na fimbo kwapani, nikiomba watoto waniletee maji. Nilimwambia Mungu: nimefuata rejime yote, unataka nini tena?

Ndipo wakaamua kuniweka mbele ya baraza lao, na hapo ndipo tulipoanzia.

Docta wa kisu alisema akate siku hiyo, chini ya goti, yaishe. Docta Furaha aliomba wangoje kidogo. Alikuwa amenizoea. Mwingine akaeleza kesi ya pekee kwa Kifaransa kirefu. Nilisikia rejime, rejime, nikawa naitikia kwa kichwa. Katika kona kulikuwa na muzee mmoja, profesa, aliyekuwa amekuja kuwafundisha hao wadogo. Alikuwa ameshika kidevu chake muda wote kama mutu anayesikiliza mvua. Akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribiana, akaacha Kifaransa.

"Papa, umeamkaje?"

"Nimeamka, Profesa. Mguu njo bado umelala."

"Jana ulikula nini? Nielezee tangu ulipofungua macho."

Mwanangu, katika wale wote, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Lilinifurahisha. Nikajiweka vizuri kwenye kiti.

"Asubuhi nilikula rejime. Mchana nikakula rejime. Mangaribi, rejime. Nilipoamka kwenda msalani nikaongeza kidogo, maana nasikia mambo ya mguu yamekuwa makali."

Profesa hakucheka. "Rejime gani?"

"Asubuhi kamaramasenge. Mchana bitoke. Mangaribi zile za kuiva kabisa. Lakini zote ni za Kiwanja, Profesa! Sikuwadanganya. Za upande mwingine zina maji, haziwezi kutibu mutu."

Kisha nikasikia kitu kama puto linalotoka upepo. Alikuwa docta wa kisu, yeye asiye na maneno. Akashika tumbo. Wengine wakafuata. Yule wa kesi ya pekee ndiye aliyetoka nje kushika ukuta. Docta Furaha peke yake hakucheka, alijifunika uso kwa mikono miwili, na kati ya vidole nikamsikia: "Ni mimi njo nilisema nyumba nzima. Mungu wangu, nilimuambia abebe yake safarini."

Hapo nikaelewa kwamba kuna rejime mbili duniani. Damu ilinipanda kichwani kuliko sukari.

Profesa aliinua mkono, wakanyamaza. Akawageukia kwanza. "Mmeuliza wote kama anafuata. Nani aliuliza anafuata nini?" Kila mmoja akaanza kutafuta kitu kwenye viatu vyake. Kisha akanigeukia mimi, na mimi nilidhani ataniomba msamaha.

"Papa, wewe unauza ndizi. Mteja akija akisema 'nipe ndizi', unampa?"

"Namuuliza kwanza."

"Unamuuliza nini?"

"Za kupika, za kuiva, ama za kasiksi? Ni za kula leo ama za kuweka? Ni za harusi ama za nyumbani?"

"Maneno mengi hivyo kwa nini?"

"Nikikosea atazirudisha, tena ananitukania mama."

"Eh. Na docta alipokuambia rejime, ulimuuliza rejime gani?"

Nikautazama mguu wangu juu ya kigoda.

"Ndizi zikikosewa zinarudishwa," akasema yule muzee. "Mguu ukikosewa, Papa, unaurudisha duka gani?"

Nimetukanwa na madereva wa malori, na wao ni walimu wa matusi. Hakuna tusi lililowahi kunifika mahali lile neno liliponifika. Lakini nawe unanijua. Sikubali kulala chini kabla ya kupigwa mara ya pili. Nikamjibu, "Profesa, mimi si mujinga. Neno lenyewe njo liko na miguu miwili."

Hapo naye akacheka, meno yote nje. "Ni kweli. Basi tutafute namna na wewe ubaki na miwili."

Mguu haukukatwa siku hiyo. Walinianzishia sindano za kushusha sukari, wakanipokonya kikapu changu, na Docta Furaha akaja kukaa ukingoni mwa kitanda, hana haraka hata kidogo. Akanieleza sahani. Nusu ya sahani ni mboga: lengalenga, sombe, kabichi. Upande mmoja maharage ama sambaza, dagaa wetu wa ziwani. Upande mwingine, chakula cha kushibisha, fufu ama bitoke, kiasi cha ngumi.

"Umeelewa, Pa—" akaanza, akajikata mwenyewe. "Hapana. Sasa wewe unieleze mimi, kama vile niko Mama Kanyere."

Nikamweleza. "Nusu ya sahani, bitoke. Juu yake mboga kiasi cha ngumi."

"Hapana, Papa!"

"Ngumi ya nani? Yangu ama yako? Yangu ni kubwa."

Akacheka, akaanza upya, nami nikarudia upya, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pembeni, ambaye alikuwa amelazwa kwa ajili ya mapafu, akajua sahani yangu kuliko mimi. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama ndizi nimeachana nazo kabisa. Akasema hapana, kamaramasenge moja mara moja moja haina ubaya. Moja! Nililia kidogo. Usimwambie mutu.

Nyumbani Mama Kanyere alipotangaza kwamba rejime imeanguka, watoto walipiga vigelegele, na Masika akasonga fufu mchana kweupe, mlango wazi. Jioni mke wangu alikuja na sufuria ya lengalenga, akaketi, akaniangalia. "Ulisema Kifaransa unakijua."

"Ninakijua."

"Kinyume chake njo unakijua," akasema, akanipa kijiko.

Sukari ikashuka, polepole, kama mutu anayeshuka mlimani na mzigo. Kidonda kikaanza kuwa chekundu badala ya cheusi. Docta wa kisu alikata kile kidole kidogo tu, na mguu wangu ukarudi nami Keshero. Wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa vyote viwili, na waliochukua ni kidole. Sijapunjwa.

Wale wa utafiti nao waliondoa swali lao la "unafuata?" na kuweka la profesa: jana ulikula nini, jana ulimeza nini, nionyeshe. Docta Furaha aliniambia vichekesho vikaanza kutoka kama sisimizi. Mama mmoja wa Katindo, mgonjwa wa presha, alikuwa ameambiwa aachane na chumvi. Aliachana nayo kweli, kopo akalitupa. Ila kwenye mchuzi alitia vile viungo vya vipande vya dukani, vitatu kwa mara moja, kwa sababu docta hakuvitaja. Na chumvi yote imejaa humo. Kwa hiyo sikuwa kesi ya pekee. Iliniuma kidogo, lakini ukweli ni ukweli.

Sasa, mwanangu, nikuambie kilichonitoa kidole, maana si ndizi. Ni lile neno "wi". Sikumuuliza binti yule kwa sababu niliogopa aone kwamba sijui. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kutoka mlangoni na neno ambalo hulijui, ukaenda kulilisha nyumba nzima. Nilijenga nyumba bila kumwogopa mutu, nikaogopa kusema, "Docta, hiyo ni nini?" Aibu ya kuuliza inapita kabla hujafika kwenye geti. Aibu ya kutouliza, mimi naivalia kiatu kila asubuhi.

Ukienda kwa munganga, kabla ya kuondoka rudisha maneno yake kwa mdomo wako: nimesikia nimeze hiki, wakati huu, nikule hivi, nirudi lini. Akikasirika, rudisha tena. Akisema ana haraka, mwambie ugonjwa hauna. Nenda na mutu wako, mke ama ndugu, aingie mpaka ndani, asibaki kwenye dirisha la kulipia. Dawa ya sukari na ya presha usiiache siku unapojisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu yake. Na kila jioni tazama miguu yako, katikati ya vidole, chini, kisigino. Mguu wa mutu wa sukari hausemi, lazima utembelewe kama mgonjwa.

Na wewe, binti ama kijana, unayevaa koti jeupe, usidhani nakuacha. Acha kutuuliza "umeelewa?" Hapa kwetu mutu mzima akiulizwa "umeelewa" mbele ya watu, atasema ndiyo hata kama umemwambia kwa Kichina. Tuulize tumesikia nini. Tuulize jana. Najua mstari unafika kwenye geti, najua hujalala. Lakini dakika unayoiokoa mlangoni, docta wa kisu atakuja kuilipa.

Mungu akupe ulimi usioona haya, na masikio yanayosubiri mwisho wa neno. Akupe munganga anayevuta kiti karibu. Sahani yako iwe na mboga, maji yako yawe safi, usingizi wako usikatwe na kiu. Uzeeke na viungo vyako vyote, kila kimoja mahali pake, na siku ukiitwa, uende umevaa viatu viwili. Amina. Sasa niambie: umesikia nini?